Kadi za Noeli na wanyama wa karatasi



Kila mwaka, Majilio yanapoanza, tunakaa na kikundi cha vijana wa parokia yetu hapa Kalemie na kutengeneza kadi za Noeli kwa mikono. Hatutegemei posta. Kadi zetu husafiri mikononi mwa watu, kwa mashua hadi Moba, kwa pikipiki hadi Nyunzu. Karatasi ngumu tunaitoa kwenye kalenda za mwaka uliokwisha na majalada ya madaftari.

Mwaka mmoja tulipewa zawadi ya vifaa vinne vya kutobolea karatasi. Havikuwa vile vya ofisini, vyenye kutoboa matundu mawili ya mviringo. Kila kimoja kilikata umbo la mnyama: punda, kondoo, njiwa, na paa wa nchi za baridi mwenye pembe kama matawi. Unaingiza karatasi, unabonyeza, na mnyama anaanguka mezani. Lakini Desemba kwetu ni masika. Karatasi hunyonya unyevu, na badala ya kukatika huchanika, punda akatoka bila masikio. Tulianza kuzianika karatasi juani kila jua lilipotokea. Na meno ya kifaa yakiwa butu, tulitoboa mara kadhaa ile karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya paketi ya sigara, yakapata makali tena. (Paketi ziliokotwa njiani, tuliulizwa mara nyingi na wazazi.)

Yule paa alizua mabishano. Msichana mmoja aliuliza kama ametajwa katika Injili. Tulimjibu kwamba hata punda na ng'ombe hawatajwi na Luka anaposimulia kuzaliwa kwa Bwana. Yeye anataja hori tu. Wakristo waliwachukua wanyama hao kutoka sura ya kwanza ya nabii Isaya, na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipoandaa pango la Noeli huko Greccio mwaka 1223, alitaka wawepo ng'ombe na punda walio hai. Nayo kadi ya kwanza ya Noeli iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa, iliyoagizwa na Henry Cole mjini London mwaka 1843, ilionyesha jamaa moja ikinywa divai mezani, bila pango wala hori. Vijana walicheka sana, na paa akaruhusiwa kubaki.

Tulikuwa tumelewa kidogo na ujuzi wetu siku ile. Labda ndiyo sababu ya yaliyofuata.

Tulipopita kukagua kazi, tulimkuta kijana mmoja, mwenye miaka kama kumi na sita, ameacha wanyama wote juu ya meza. Alikuwa amechukua karatasi iliyobaki baada ya kutobolewa, yenye matundu matupu ya umbo la kondoo na punda, akaibandika kuzunguka hori alilolichora. Tulidhani ameokota takataka kwa uvivu. Tulimwambia hivyo mbele ya wenzake, kwa sauti ya mwalimu aliyezoea darasa kubwa, tukamwamuru aanze upya. Hakujibu. Aliikunja kadi, akaitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Rafiki yake ndiye aliyetueleza. Kijana yule alitoka upande wa Nyunzu, akafika Kalemie pamoja na mama yake wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyowafukuza watu wengi mno vijijini mwao mwaka 2016 na 2017. Tulijua hayo, mji wetu wote ulizungukwa na kambi. Tusilolijua ni kwamba mifugo ya nyumba yao iliporwa usiku mmoja, na kwamba nyanya yake, mzaa mama, alikataa kuondoka, akabaki na zizi tupu.

Tulikwenda kwao jioni. Si rahisi kwa mtu wa umri wetu, aliyefundisha walimu wengine jinsi ya kumsikiliza mtoto, kusimama mbele ya mlango wa turubai na kuomba radhi. Mama yake alitupa kiti, yeye akabaki amesimama. Tulimwomba kijana msamaha mbele yake, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya watu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatoa kadi. Mikunjo ilikuwa imenyooshwa.

«Mwalimu,» alisema, «wale wengine wanawatumia watu wanyama. Mimi namwandikia mtu anayejua walipokuwa.»

Tuliuliza kama tunaweza kuipeleka kwa mwendesha pikipiki tunayemfahamu. Aliipokea tena, akaandika majina yao wawili nyuma yake, ndipo akatukabidhi.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Januari, kwa mdomo, maana nyanya haandiki. Alisema kadi ameifunga dirishani na asubuhi mwanga hupita kwenye matundu hadi ukutani. Alisema pia kwamba jirani amemrudishia mbuzi mmoja jike, naye ana mimba.

Jumamosi ile kijana alikuja mapema kuliko wote. Mbuzi hatukuwa naye kati ya vifaa vyetu vinne. Aliomba kifaa cha kondoo na makasi madogo, akakaa karibu na dirisha, akaanza kumchongea kondoo wa karatasi pembe na ndevu.