Ndege wenye Mabawa ya Nyoya

Watu wakitaja Kamina, hutaja kwanza njia za reli zinazokutana hapa. Wakitaja ndege, aghalabu wawaza zile za chuma zitelemkazo katika kambi ya jeshi. Lakini sisi tukaao nchi hii tunao ndege wengine, wenye mabawa ya nyoya, na hao yatupasa kuwajua vizuri zaidi.

Mashariki yetu, huko kupita Bukama, Mto Lualaba hutawanyika katika maziwa na vinamasi, na Ziwa Upemba ni mojawapo. Mbuga ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939. Katika mafunjo yake hukaa yule ndege mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu, asimamaye kimya akimngojea samaki. Katika majani ya nchi hiyohiyo hukaa ndege mdogo sana, mla mbegu, mwenye weusi kati ya jicho na mdomo. Mtaalamu wa Marekani, James Chapin, alimtangaza mwaka 1928 kwa jina la Estrilda nigriloris. Baada ya mwaka 1950 ilipita zaidi ya nusu karne bila wataalamu kupata habari zake. Ndege huyo hajulikani katika nchi nyingine yoyote. Akiisha hapa kwetu, ameisha duniani kote.

Wako pia wageni. Mbayuwayu wanaotujia kila mwaka mvua zikianza, wengi wamezaliwa Ulaya. Zamani watu hawakujua waendako. Mwezi wa Mei 1911 Mwingereza mmoja, John Masefield, alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni huko Staffordshire. Na mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Pete ile ilifundisha jambo ambalo vitabu vingi havikuweza kulifundisha.

Basi sisi tufanye nini? Hatusemi kwamba mkulima aache mtama wake uliwe. Kuwafukuza ndege shambani ni haki yake, maana watoto wake wana njaa. Wala hatumlaumu mwenye kutega kwa ajili ya mboga ya jioni, hali hana nyingine. Lakini kijana apigaye ndege kwa manati kwa mchezo tu, au abomoaye kiota chenye makinda, au awanasaye kwa ulimbo ili awauze katika vizimba, huyo amepunguza mali asiyoweza kuirudisha.

Tena twajua ya kwamba kuilinda mali hiyo si kazi rahisi. Askari wa mbuga wamekufa katika kuilinda, na mwezi wa Desemba 1912 ulipopita miaka mia kamili, yaani Desemba 2012, mkuu wa Mbuga ya Upemba mwenyewe aliuawa kwa kuviziwa njiani. Si haki kuwaachia watu hao wachache mzigo wote, nasi tukakaa tukitazama.

Vijana wetu wana elimu ambayo wataalamu huitafuta kwa gharama kubwa: wajua kiota kiko mti gani, na mayai yana rangi gani. Elimu hiyo waliyoipata kwa manati yaweza kutumika kwa kalamu. Mwanafunzi na aulize wazee majina ya ndege kwa Kiluba, ayaandike katika daftari pamoja na siku aliyowaona na mahali. Na mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, asiitupe wala asiifanye kipuli. Asome namba na anwani iliyochorwa juu yake, aipeleke kwa mwalimu, naye aandike barua. Huko mbali yuko mtu anayengoja habari hiyo.