Kutoka Dresa hadi Mhudumu wa Afya: Mpaka wa Kazi ya Msaidizi katika Zahanati za Ileje

Katika vijiji vya Mbebe, kata iliyomo Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, neno "daktari" limekuwa kwa muda mrefu jina la yeyote anayekutwa zahanati akiwa amevaa koti jeupe, awe tabibu, muuguzi au mhudumu wa afya. Mazoea hayo hayakutokana na kutojua tofauti za vyeo, bali na historia ambamo msaidizi, yaani mtumishi anayeshiriki kazi za uganga na uuguzi bila kuwa na sifa kamili za fani yoyote kati ya hizo mbili, mara nyingi ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kumkimbilia. Kumbukumbu hii inafuatilia namna mpaka wa kazi yake ulivyosogezwa kizazi hadi kizazi, na inashikilia kwamba uliosogeza mpaka huo ni umbali wa hospitali, kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.

Mzazi wa kazi hiyo ni dresa, mtu wa kuosha na kufunga vidonda. Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilianzisha mpango wa madresa wa zahanati za mamlaka za wenyeji, ambao walipewa mafunzo mafupi ili watibu vidonda, watoe dawa chache za magonjwa ya kawaida na kuwapeleka mbele wagonjwa waliowazidi uwezo. Katika milima ya Ileje, ambako hospitali ya misheni ya Wamoravian iliyoko Isoko ilikuwa tegemeo kubwa, kupelekwa mbele kulimaanisha kubebwa kwa machela kwa mwendo wa saa nyingi, kwa hiyo uamuzi wa dresa kwamba mgonjwa avumilie hadi kesho au aondoke usiku huohuo ulikuwa mzito kuliko mafunzo aliyopewa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilipoelekeza nguvu zaidi vijijini, kada mbili ziliongezwa kwa wingi: mganga msaidizi wa vijijini, aliyesoma miaka mitatu baada ya elimu ya msingi, na mganga msaidizi, aliyesoma miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Warithi wao leo huitwa tabibu msaidizi na tabibu. Jina la mganga msaidizi linaweza kumpotosha msomaji wa leo, kwa kuwa nchini Marekani mtu mwenye jina la namna hiyo hupima shinikizo la damu, huandika maelezo ya mgonjwa na kumwandaa kuonana na daktari, ilhali wa Tanzania alimsikiliza mgonjwa, akataja ugonjwa na kuandika dawa, kwa sababu hapakuwa na daktari wa kumwandalia mgonjwa.

Kazi ambazo Marekani ni za msaidizi huyo, pamoja na za fundi wa huduma kando ya kitanda, katika Ileje zilimwangukia mhudumu. Mwandishi wa kumbukumbu hii, aliyekulia milimani humo katika miaka ya 1980, anazikumbuka kwa mpangilio wa siku yenyewe: alfajiri mabomba ya sindano ya kioo yalichemshwa katika sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, kipimajoto cha zebaki kilikung'utwa kabla ya kuwekwa kwapani, watoto walining'inizwa kwenye mizani, na aliyelala kwa siku nyingi aligeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia. Ustadi huo haukutoka kitabuni. Mhudumu mpya alijifunza kwa kusimama nyuma ya yule wa zamani na kutazama mikono yake.

Badiliko la kwanza kubwa lilitokana na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Sufuria ya kuchemshia mabomba iliondoka taratibu, yakaja mabomba ya kutumika mara moja, glavu, maji ya klorini ya kutakasia vifaa na sanduku la kutupia sindano, na mhudumu, ambaye awali alihesabiwa kuwa mfagizi, akawa mlinzi wa usalama wa chumba kizima. La pili lilitokana na malaria: klorokwini iliachwa mwaka 2001, dawa mseto ikaingia mwishoni mwa mwaka 2006, kisha kipimo cha haraka cha tone la damu kikaenea, hata homa ikaacha kuwa ushahidi wa kutosha wa malaria. La tatu ni MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya ulioanza miaka ya 1990, ambao kwa vitabu vyake ulifanya kalamu kuwa kifaa cha kazi sawa na kipimajoto.

Sambamba na mabadiliko hayo, mipaka iliandikwa waziwazi. Mhudumu wa siku hizi husomea kazi yake chuoni kwa mwaka mmoja, na hufundishwa pia yale asiyopaswa kuyafanya, kama vile kumwandikia mgonjwa dawa. Tangu Januari 2024, Serikali imeanza pia kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa mpango wa kitaifa, ili wapite kaya kwa kaya na kuwatambua wagonjwa mapema. Umbali nao umepungua wilayani, kwa kuwa barabara ya Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa takriban kilomita 50, sasa ina lami.

Hata hivyo, masika yanapoharibu njia za pembeni na tabibu akiwa ameitwa kikaoni Itumba, makao makuu ya wilaya, mpaka huo hurudi kutegemea umbali. Mama akifika jioni na mtoto wa miezi 8 anayehema kwa shida, mhudumu hufunua kifua cha mtoto, hutazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, akijua kwamba pumzi 50 au zaidi kwa umri huo ni dalili ya hatari inayohitaji uamuzi wa aliye juu yake. Kuhesabu huko kumo ndani ya mpaka wa kazi yake, na kutafuta gari la rufaa kumo pia. Lililokuwa likimkabili dresa, na bado linamkabili yeye, ni saa zinazopita kati ya hesabu hiyo na kufika kwa gari.