Mume Wangu, Mama Yake na Karatasi za Miamala

Kama wewe na mwenzio mna ile bajeti ya kubandika kwenye friji, basi unaijua mistari yake: kodi, ada, luku, gesi, na chini kabisa "wazazi". Kwetu mstari huo ulisomeka "Mama Mngeta, 80,000". Kila mwisho wa mwezi nilimpa mume wangu elfu arobaini yangu, yeye anaongeza yake, anatuma. Miaka miwili sikuwahi kuomba risiti. Nani anamdai mumewe risiti ya mama yake mzazi?

Mama mkwe anaishi Mngeta, bonde la Kilombero, huko reli ya TAZARA inakopita ukishaiacha Ifakara na Mbingu. Analima mpunga eka moja ya kukodi na analea wajukuu wawili walioachwa na marehemu wifi yangu. Alikuwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, analipwa kila baada ya miezi miwili. Kiasi chenyewe, niseme ukweli, hakifiki bei ya viatu vyangu vya ofisini. Lakini ndiyo madaftari, ndiyo sare, ndiyo mafuta ya taa.

Machi 2023 akapiga simu kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Malipo yamesimama. Kulikuwa na mkutano wa kijiji wa kupitia majina, mtu akanyanyuka: "Huyu bibi ana mtoto Dar, anatumiwa hela kila mwezi. Kasema mwenyewe!"

Kweli alisema mwenyewe. Kwenye mashine ya kukoboa, kanisani, kila mahali: mwanangu hanisahau.

Siwalaumu wanakijiji. Kaya haiingii kwenye mpango kwa kupendwa na mwenyekiti. Majina hutajwa mkutanoni, dodoso hujazwa, kompyuta hupima, halafu majina yanarudi mkutanoni watu waseme ndiyo au hapana. Na kabla ya Rais Magufuli kuzindua kipindi cha pili cha mpango huo Februari 2020, uhakiki ulishaondoa kaya zaidi ya 70,000 zisizostahili, nyingine za marehemu. Watu wamejifunza kuuliza. Kijiji kikasema: kama bibi hatumiwi cha maana, alete ushahidi.

Mimi, kwa akili yangu ya ofisini, nikaona kazi ndogo. Tunachapisha taarifa ya miamala ya simu ya mume wangu, mkutano unaona elfu themanini, unaona wajukuu wawili, unagawanya, wanaelewa kwamba hela hiyo haimtoi mtu kwenye umaskini. Mume wangu akaanza: foleni ndefu, kitambulisho sijui kiko wapi, tuache tu tutamwongezea mama. Jumamosi nikamshika mkono hadi duka la kampuni ya simu. Wakatoa karatasi nne.

Nilizisoma kwenye daladala. Miezi sita. Kwa mama yake: Oktoba, elfu ishirini. Desemba, elfu thelathini, Krismasi hiyo. Februari, elfu kumi. Basi. Nyingine zote zilikwenda kwenye namba moja ya kampuni, elfu mbili, elfu tano, elfu tano tena, usiku wa manane na Jumamosi mchana. Mikeka ya mpira. Mume wangu alikuwa anabeti arobaini yangu na arobaini yake, na huko Mngeta mama alikuwa anamtangazia sifa ambazo hakuwa nazo.

Sikupiga kelele, na mimi si mpole, dada zangu wanajua. Nilichokuwa nakiona ni kitu kingine: hizo karatasi ndizo zilizohitajika. Hakuna ushahidi bora kwamba bibi hatumiwi hela kuliko huu. Ila anayepaswa kuupeleka ni yeye mwenyewe, mbele ya wazee waliomwona akikua.

Tulikwenda wote, basi hadi Ifakara, kisha gari dogo kwenye tope la masika. Usiku mama alipika wali na kambale mkavu. Mwanawe akamweleza yote, ameinamisha kichwa. Mama akanyamaza sana. Kisha akasema, "Usiende nazo. Hiyo hela waache nayo." Yaani alikuwa tayari kupoteza ruzuku kuliko mtoto wake aaibike. Hapo ndipo nililia.

Asubuhi mume wangu alikwenda hata hivyo. Mwenyekiti akazisoma zote nne taratibu, kimya kimya, akazikunja, akawaambia waliokaa pale, "Nimeona. Inatosha." Hakuisoma hata tarakimu moja kwa sauti. Mzee yule, Mungu ampe maisha.

Malipo yalirudi baada ya awamu mbili. Sisi tulikaa miezi mitatu tukiongea kama wapangaji wenza. Sasa ninayetuma ni mimi, kwa simu yangu, tarehe 28, na mume wangu anaweka nusu yake mbele yangu. Tumeelewana? Siku nyingine ndiyo. Siku ya mechi kubwa bado naangalia simu yake.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo mama alinipigia. "Mkwe wangu, hizi mnazotuma sasa zinafika kweli kila mwezi. Nikamwambie mwenyekiti?"

Nikamwambia asubiri kidogo, mwanawe akirudi kazini tutampigia.