Boxer, TVS na Kebo Moja: Shajara ya Walukuba

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kabla sijamaliza kufungua duka, steji ya bodaboda ilikuwa imeshapamba moto. Kijana wa Namutumba, ambaye miaka yote ameendesha Boxer ya tajiri, leo amefika na pikipiki yake mwenyewe: TVS HLX 125, nyekundu, nailoni haijatolewa kwenye kiti. Steji ya hapa sokoni Walukuba, Jinja, ni ya Boxer za Bajaj. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini angalia zilizoegeshwa chini ya mwembe, utaona matangi ya Bajaj tu, pamoja na Yamaha moja ya mzee ambayo hakuna anayethubutu kuidhihaki.

"Sasa hiyo ukitaka kuiuza, atainunua nani?" mwenyekiti wa steji alimuuliza.

"Sikununua ya kuuza, mwenyekiti. Nimenunua ya kufanyia kazi."

"Wote husema hivyo siku ya kwanza."

Kijana akajitetea: kiti kirefu, abiria wawili wanakaa bila kubanana, na kwenye mlima haipumui kwa shida. Wakamjibu kwa pamoja kwamba Boxer hainywi mafuta. Hiyo ndiyo kauli yao ya kufungia mjadala. Hapo akanigeukia mimi, kama vile mimi ni hakimu: "Mama, una kebo ya klachi ya TVS?"

Nilikuwa nayo moja. Nilipoitungua msumarini, karibu na bunda zima la kebo za Boxer, mwenyekiti alicheka mpaka akashika kiuno. Nimeuza spea muda mrefu, lakini sikuwahi kuona ukuta wangu ukitolewa kama ushahidi.

Jumatano, 7 Agosti

Mvua. Wateja hakuna, wapiga soga wengi. Mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha Nytil enzi zile, ameniambia kwamba vita hivi havikuanza na injini. Jinja ilichelewa sana kuacha baiskeli. Abiria walibebwa kwenye keria yenye mto wa sponji kutoka stendi hadi Mpumudde na Masese wakati Kampala imeshajaa pikipiki. Waendesha baiskeli nao walikuwa na vyama vyao. Mwenye Raleigh ya Nottingham alimtazama mwenye Hero ya Ludhiana kutoka juu, ingawa wote wawili walitoka jasho lile lile kwenye kilima cha kutoka darajani.

Vijana waliokuwa wamejikinga mvua barazani walisikiliza, kisha wakarudi palepale: Bajaj na TVS, ipi ya kweli? Nikawaeleza ninachokijua kutoka kwenye makaratasi ya bidhaa na redio. Zote ni za India. Bajaj ni ya Pune, upande wa magharibi. TVS ni ya kusini, na herufi zake ni za jina la T. V. Sundaram Iyengar, aliyeanzisha huduma ya mabasi Madurai mwaka 1911. Na zote mbili zilisomeshwa na Wajapani: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, hata Boxer za mwanzo zilikuwa na jina la Kawasaki ubavuni, na TVS ilishirikiana na Suzuki tangu miaka ya 1980 hadi walipoachana mwaka 2001.

"Kwa hiyo Kawasaki na Suzuki ndio wanaogombana hapa?" mmoja aliuliza.

Mwenye Yamaha alikohoa kwa furaha. Nilidhani habari hiyo ingewapoza. Wapi! Sasa wanatupiana hata Wajapani.

Jumapili, 11 Agosti, Mbale

Nimekuja kwa dada yangu. Njia ni ile ya Iganga, Namutumba, Tirinyi, halafu Kamonkoli, na ghafla mlima Wanale unausimamia mji wote. Mwaka huu ni wa imbalu, vijana wa tohara wanapita na ngoma na unga usoni, na bodaboda zinawafuata zikipiga honi, nyingine zimefungwa matawi mbele hata huwezi kusoma ni za kampuni gani.

Jicho la mfanyabiashara halipumziki. Nilikaa na fundi mmoja karibu na mnara wa saa nikamuuliza anafungua nini zaidi. Hakunitajia jina la pikipiki. Alinitajia sehemu: sahani za klachi, breki shuu na shokabu. Huku mtu anashuka kutoka vijiji vya mlimani na mikungu ya matoke iliyofungwa mpaka nyuma ya taa, breki zinaungua wakati wa kuteremka na klachi inaungua wakati wa kupanda. Jinja ni tambarare, ukiacha vilima vichache vya mto. Kwetu kinachokufa kwanza ni cheni na sproketi, kwa vumbi la barabara za miwa za Kakira. Hivyo wa Mbale anaposema TVS ina nguvu, na wa Jinja anaposema Boxer hainywi mafuta, kila mmoja anaeleza barabara yake. Fundi yule alikubali, akaongeza kwamba hata hivyo wanaume wake hapa wanabishana vilevile, na mara moja walivunjiana kofia ngumu.

Dada anasema nimekuja kumtembelea fundi.

Jumatano, 14 Agosti

Hii kauli ya mafuta nimeipima kwa kumbukumbu zangu. Januari 2022, malori yaliposongamana Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, petroli ilipanda mpaka lita moja ikauzwa shilingi 10,000 na zaidi sehemu nyingine. Shule ndiyo kwanza zimefunguliwa baada ya karibu miaka miwili, abiria wapo, mafuta hayapo. Wiki zile nilimwona mwanamume mzima akizima injini kwenye mteremko wa Njeru ili aokoe matone. Waliokuwa na pikipiki za injini kubwa walizitoa kwa bei ya kutupa wakatafuta za cc 100. Kampuni haikufanya tangazo lolote hapa Walukuba. Njaa ya siku zile ndiyo iliyowatangazia Boxer, na aliyewahi kulala bila faida kwa sababu ya lita moja hasahau.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawapendi nilitaje. Nusu ya wanaobishana hawana pikipiki. Wanaendesha ya tajiri, jioni wanapeleka hesabu, au wako kwenye mkopo wa kulipa kila wiki. Mikopo ya aina hii ilishika kasi baada ya kampuni ya Tugende kuanza Kampala, na imewatoa wengi mikononi mwa matajiri, sikatai. Lakini mpaka wiki ya mwisho, logbuku iko kwenye kabati la mwingine. Leo nimemwambia kijana mmoja anayeipenda Boxer kupita kiasi, aliyeichora hata kwenye matofali ya nyumba yake: "Mwanangu, hiyo unayoitukania wenzako bado si yako."

Alijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. "Mama, ndiyo maana naitetea. Thamani yake ikishuka, mimi ndiye nabaki na deni."

Hapo nilinyamaza. Anayekopesha anataka pikipiki atakayoweza kuiuza haraka mteja akishindwa, kwa hiyo naye huipendelea ile inayouzika. Inayouzika ni ile ambayo wengi wanayo. Wengi wanayo kwa sababu ndiyo waliyokopeshwa. Mzunguko huo haujali hata kidogo kama chuma kilichomo ni kizuri.

Jumamosi, 17 Agosti, usiku

Saa moja jioni, nikiwa nafunga, wawili wamekuja na gunia. Siwajui. Ndani kuna tangi la Boxer, taa ya mbele, kabureta na rimu, vyote visafi, vimefunguliwa kwa spana nzuri bila mkwaruzo. Bei waliyotaka ilikuwa chini ya nusu.

Niliwaambia sinunui kitu kisicho na risiti. Mmoja alitabasamu: "Mama, hata usiponunua wewe, kabla ya Jumatatu kitakuwa kimenunuliwa."

Alisema kweli, na ndilo linaloniuma. Vijana husifu Boxer kwa sababu spea zake zinapatikana kila kona, kuanzia hapa mpaka Busia. Wezi nao wanaisifu kwa sababu hiyohiyo. Tangi la TVS lililoibwa linamtaka mwizi atafute mteja; la Boxer linamtafuta mteja lenyewe. Mwaka huu steji yetu imezika kijana aliyevamiwa usiku barabara ya Wanyange na abiria wake mwenyewe. Pikipiki haikuonekana tena. Bila shaka imegawanyika vipande, na pengine kimoja kinapita mbele ya duka langu kila asubuhi. Nimemweleza mwenyekiti habari za gunia lile. Ameahidi kuwaambia wa steji za Bugembe na Mafubira usiku huuhuu.

Jumatano, 21 Agosti

Aliyetoka Kampala ameleta habari za pikipiki za umeme, Zembo na Spiro, na steji imeungana kwa mara ya kwanza mwezi huu: wote wamezicheka. Haina mlio! Abiria atajuaje kama imefika? Na betri ikiisha Kakira, utaisukuma?

Swali la mwisho si la mzaha. Wengi huko hawaimiliki betri. Unafika kituoni unaiacha iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unalipia. Anayetawala hapo ni mwenye vituo. Kampuni yenye kituo kila baada ya kilomita chache ndiyo utakayoipenda, utake usitake, kama vile sasa vijana wanaipenda ile yenye kebo kila msumari.

Kinachonichekesha mimi ni mahali tulipo. Umeme mkubwa wa maji wa nchi hii ulianzia hapa, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, siku hizi Nalubaale. Bwawa la Bujagali liko kwenye mto huohuo, mbele kidogo. Mabasi ya umeme ya Kiira Motors yamejengewa kiwanda hapahapa Jinja. Lakini pikipiki ya umeme tunaisikia kwa mtu aliyetoka Kampala. Mzee wa Yamaha alisema atanunua moja akipata mjukuu wa kuisukuma.

Alhamisi, 29 Agosti

Kebo ya klachi ya yule wa Namutumba imekatika Bugembe jana, saa tatu usiku, akiwa na mama mjamzito anayempeleka hospitali. Alimpigia mwenyekiti. Walitoka watatu na Boxer zao. Mmoja alimchukua mama yule akamfikisha salama, wawili walibaki na TVS gizani. Ile kebo yangu moja, ambayo hakuinunua siku ile ya kwanza, nilikuwa nimeshamuuzia mtu mwingine wiki iliyopita. Basi fundi wa steji alichukua kebo ya Boxer, akaikata, akaifunga upya kichwa chake, na kabla ya saa tano walirudi wote.

Asubuhi nilitegemea kelele. Hakuna aliyeligusia. Baadaye mwenyekiti alikuja dukani peke yake, akanunua soda, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, hizo kebo za TVS, ongeza kidogo. Yule ni mtu wetu."

Nimefikiria maneno yake mchana kutwa. Steji inataka pikipiki za aina moja kwa sababu usiku kama ule ndiyo bima pekee waliyo nayo: spana ya mwenzako inaingia kwako, fundi mmoja anazijua zote kwa kuzisikiliza tu, na kipuri cha akiba mfukoni kinamfaa yeyote. Bima ya kampuni inalipa polepole na kwa wachache. Kwa hiyo aliyeleta TVS aliwatia hofu. Wakaigeuza hofu hiyo kuwa matusi ya Pune na Madurai. Mimi kwa upande wangu, ukiniuliza ipi bora, nitakujibu kwamba kwa Walukuba ni Boxer, na sababu ni ukuta wangu. Ningekuwa Mbale ningetundika vingine.

Jumamosi, 31 Agosti

Oda ya Kampala nimeiandika: cheni na sproketi za Boxer katoni mbili, kebo za klachi za Boxer dazeni nne, plagi mchanganyiko. TVS: kebo dazeni moja, sahani za klachi seti sita, breki shuu seti nne. Vitu vya umeme hakuna. Kijana mwingine wa steji amekuja jioni kuuliza TVS inalipiwa kiasi gani kwa wiki.