Mwandikie Aliyekwama

Mpwa wangu Zuhura,

Mama yako ameniambia kuwa kazini umekabidhiwa kuandika mwongozo wa ile programu ya bohari za dawa, na kwamba umeipokea kazi hiyo kwa unyonge, ukiona wenzako wamepewa msimbo na wewe umeachiwa maneno. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Nisikilize kidogo.

Afunguaye mwongozo hafungui kwa raha. Amekwama: seva imegoma, dawa hazitoki, mkubwa wake anapiga simu. Hasomi ukurasa kuanzia juu hadi chini. Anatafuta amri, anainakili, anaibandika, anabonyeza Enter. Kila unachokiamua, kuanzia mpangilio wa sentensi hadi aina ya herufi, kipime kwa mtu huyo.

Rasimu uliyonitumia ina mstari huu: "Futa hifadhidata yote, ikiwa uko kwenye seva ya majaribio." Mwanangu, huyo mtu hatafika kwenye "ikiwa". Sharti litangulie: "Ikiwa uko kwenye seva ya majaribio, futa hifadhidata yote." Na onyo likae juu ya amri, kamwe lisikae chini yake. Hata ukiyasahau yote mengine, hili lishike.

Halafu naona umeandika kwa Microsoft Word. Programu hiyo hupinda alama za nukuu, na vistari viwili vinavyofuatana huvigeuza kistari kimoja kirefu. Kwa macho hupendeza, lakini kwa kompyuta hizo ni alama nyingine kabisa, na atakayenakili amri hiyo atapata kosa asiloliona hata akikodoa macho. Andika kwa matini tupu. Lugha ya alama ya Markdown, aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, inakutosha: amri ziweke kwenye fungu lake la msimbo, kwa herufi za upana sawa, zisichanganyike na maelezo. Ile alama ya dola ambayo wengi huitanguliza mbele ya amri iache, maana itanakiliwa pamoja nayo. Ukimaliza, tafuta kompyuta ambamo programu yenu haijawahi kuwekwa, ufuate hatua zako mwenyewe kwa kunakili tu, bila kuongeza hata herufi moja kutoka kichwani.

Umeandika pia kwamba nakala rudufu hutengenezwa "saa 8". Mhudumu wa Korogwe ataelewa ni usiku wa manane, lakini fundi aliyezoea saa za Kiingereza ataenda kuitafuta saa mbili asubuhi. Andika 02:00, saa za Afrika Mashariki. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: 03/04/2025 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi. Ukiandika 2025-04-03, kwa utaratibu wa ISO 8601, hakuna wa kubishana nawe.

Neno "rahisi" lifute kila ulipoliweka. Anayeshindwa na jambo uliloliita rahisi hujiona mjinga, na mtu aliyejiona mjinga haulizi tena. Atakaa na tatizo lake, na wagonjwa watasubiri dirishani.

Sasa lile ulilosema mkubwa wako hataki liandikwe: kwamba programu hukataa jina la kituo lenye ritifaa, kama Ng'apa. Liandike. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotoka Bell Labs mwaka 1971, ulikuwa na sehemu maalumu ya kutaja kasoro, na waliotaja ni wale wale waliotengeneza. Mwambie mkubwa wako kwa adabu kwamba kasoro iliyoandikwa pamoja na njia ya kuikwepa humpotezea mhudumu dakika moja, na iliyofichwa humpotezea siku nzima. Na ukurasa huo uutie tarehe na namba ya toleo la programu, ili kasoro ikirekebishwa ijulikane ilihusu toleo lipi.

Rasimu ya pili nitumie kabla hujaipeleka ofisini. Binti wa jirani yetu anauza katika duka la dawa na hajawahi kuiona programu yenu. Nitamwomba akae na rasimu yako mbele yangu, nisimsaidie neno, kisha nikuandikie kila mahali alipokwama.

Wasalaam,
Mjomba wako