Mgeni Njoo, Tawi Lipone

Wahenga hawakukosea walipotuusia kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii hunijia kila niwasikiapo viongozi wa vyama wakiuliza, tena kwa mshangao, ni kwa nini matawi yao yanadidimia ilhali nyaraka hutumwa kila muhula. Mpenzi msomaji, waraka haujui kuulizwa swali.

Huu ni mwaka wangu wa tatu katika tawi dogo la chama cha wanafunzi wa Kiswahili, kwenye bewa lililo mbali na jiji. Kwa miaka miwili ya mwanzo makao makuu tuliyajua kwa ada tu: shilingi 200 tulizopeleka, na stakabadhi iliyorejea, ikirejea. Wanachama walipungua kutoka 40 hadi 11. Waama, mwekahazina wetu alikwisha kuandika barua ya kulivunja tawi.

Ndipo mwenyekiti wa chama na katibu wake walipotuzuru. Walikuja kwa matatu, wakachelewa, wakakuta tumeandaa ratiba ndefu ya hotuba na mashairi ya kuwasifu. (Ushairi wa sifa una mahali pake, ila siku hiyo haukuwa na haja.) Mwenyekiti aliomba hotuba zingoje, akataka daftari la ada. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akainuka: “Bi. Mwenyekiti, pesa zetu hununua nini?” Ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Hakumjibu kwa methali. Alifungua vitabu vyake mwenyewe, akalinganisha na daftari letu, akakiri mbele yetu sote kuwa fungu la tawi halikuwa limetumwa kwa mihula minne. Huko makao makuu hakuna aliyekuwa amelitambua pengo hilo, kwa kuwa hapakuwa na aliyeuliza.

Fungu lilifika baada ya majuma matatu. Hata hivyo, lililonigusa zaidi ni ombi tulilonyimwa. Tuliomba nauli ya kwenda kongamanoni. Akasema fedha hazipo, akatuonyesha salio. Kunyimwa ana kwa ana, na sababu ukaiona kwa macho yako, kuna heshima ambayo ahadi ya barua haina. Leo tuko 26.

Historia ya kanda yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti hicho, ili apate wasaa wa kuzunguka nchini na kukiimarisha chama cha TANU. Chama kilichoasisiwa mwaka 1954 na kuungana kwa ajili ya kudai uhuru kilihitaji kazi mpya baada ya kuupata, na kazi hiyo isingeelezwa kwa waraka kutoka Dar es Salaam. Desemba 1962 alirejea madarakani akiwa Rais. Sisi wanafunzi wa lugha tusisahau kuwa ziara za namna hiyo ziliwezekana kwa sababu Kiswahili kilikuwapo: kiongozi aliweza kusema na kusemeshwa bila ya kutafuta mkalimani kila alikofika.

Sidai kuwa kila ziara ni dawa. Zipo zinazolifilisi tawi: wenyeji huchanga wakachinja mbuzi, mgeni akahutubu, akapigwa picha, akaondoka kabla ya maswali. Ziara ya aina hiyo ni heri isiwepo. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na kukipita mbio mlangoni si kukilalia.

Kwa minajili hiyo, tawi letu limeiandikia kamati kuu kupendekeza kwamba kila tawi lizuriwe walau mara moja kwa mwaka, nauli itoke katika mfuko wa chama, wenyeji wasitozwe hata chai, na saa ya kwanza iwe ya maswali. Kamati haijatujibu. Mwenyekiti ametuarifu kuwa suala hilo litajadiliwa katika mkutano mkuu, nasi tumekwisha kuanza kuchanga nauli ya mjumbe mmoja.