Kiganja Kimoja cha Karanga



Mwaka jana sisi mafrateri wanne wa kamati ya jikoni tulipewa kazi ambayo haikuwa kwenye ratiba: kuangalia chakula cha baba yetu wa kiroho. Ni padre mzee, ana kisukari cha siku nyingi, na daktari alimwambia apunguze wanga. Katika seminari inayopika ugali na maharage mchana, wali na maharage usiku, agizo hilo lilikuwa karibu sawa na kumwambia ahame refekta.

Na kweli alihama. Alianza kula chumbani kwake, mboga za majani na yai, mlango umefungwa. Ametulea mezani kuliko hata darasani, na kiti chake kikawa kitupu. Tulikuwa tukikipita na sahani zetu bila kukitazama.

Sista wa zahanati ndiye aliyetupa wazo la kumpa Padre karanga na jamaa zake atafune wakati sisi tunakula ugali, kwa kuwa zina mafuta na protini nyingi na wanga kidogo. Tulisikia "karanga na jamaa zake", tukaishia hapo. Wiki hiyohiyo mwenzetu alirudi kutoka Newala na korosho kilo tatu. Tukajaza bakuli. Padre akarudi mezani, akatafuna huku akitusimulia habari za seminari ya zamani, na bakuli likarudi jikoni tupu. Tulijiona tumefanya jambo. Asubuhi ya nne kipimo cha sukari kikaonyesha 13, naye alikuwa amezoea 7 au 8.

Ndipo tukaketi na Sista na jedwali la vyakula. Gramu 100 za korosho zina wanga kama gramu 30, na ndani yake nyuzinyuzi ni gramu 3 hivi tu. Karanga zina kama gramu 16, na karibu nusu ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Lozi zina kama 22, zaidi ya nusu nyuzinyuzi. Makadamia, ambazo jirani zetu Wakenya wanazilima Murang'a na Embu, zina wanga kidogo kuliko hizo zote. Lakini bei ya makadamia si ya mfuko wa frateri, na lozi tunakutana nazo zaidi kwenye fimbo ya Haruni kuliko dukani. Mbegu za maboga ndizo zilizotushangaza: wanga wake ni mdogo kuliko hata wa karanga, na sisi tulikuwa tunazitupa pamoja na maganda. Njugu mawe tuliziondoa kabisa. Zinaitwa njugu, lakini zikiwa kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga. Ziko karibu na maharage kuliko karanga. (Karanga yenyewe, kwa wasiojua, ni ya ukoo wa kunde pia. Jina halimsaidii sana mgonjwa.)

Korosho hazikuwa na kosa. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kina wanga gramu 9 hivi. Kosa lilikuwa bakuli. Nani kati yetu aliwahi kula korosho kumi na nane akaacha?

Tukapanga upya: karanga na mbegu za maboga, zikaangwe bila mafuta wala chumvi, kiganja kimoja kwa mlo. Zile za kupakwa sukari, pamoja na kashata, tulizipiga marufuku. Sukari ikashuka, tukafurahi tena mapema mno.

Usiku mmoja frateri wa zamu alimkuta Padre amekaa kitandani anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamgongana. Mmoja wetu alikimbia kuleta mkebe wa karanga. Sista akaukataa: karanga zinaingia mwilini polepole, hapa inatakiwa sukari, na sasa hivi. Alimkorogea sukari kwenye maji, akampa kidogokidogo. Kipimo kilikuwa 2.9. Vidonge alivyokuwa anameza vilikuwa vilevile vya enzi za ugali, dozi ileile, na chakula kilikuwa kimebadilika. Hatukuwa tumemwambia daktari lolote. Tulikesha naye mpaka sala ya asubuhi, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Padre alipopata nguvu alisema tu, "Wanangu, mngeniua kwa upendo." Daktari alipunguza dozi kesho yake.

Tangu hapo hatugusi sahani yake bila Sista na daktari kujua. Jumamosi baada ya usafi tunachambua karanga, na kazi hii hatuifanyii mzaha. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote zinatupwa, hazipewi hata kuku, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, hasa kwa mahindi. Duniani karanga ziko kwenye orodha ileile. Tunanunua zilizokauka vizuri, kidogokidogo, na hatuziweki kwenye mfuko wa nailoni.

Padre anakula mezani sasa. Ana tonge moja dogo la ugali, mboga nyingi, na kimkebe chake cha karanga na mbegu za maboga. Jumapili tunamwekea korosho tano juu. Anazihesabu mbele yetu, nne anakula, ya tano anampa frateri aliyekaa karibu naye, na kwa sababu hiyo siku hizi Jumapili tunagombania kiti kile.